Selimundu, Malaria na Nchi za Juu

Atelemkaye kutoka Sumbawanga, penye kimo cha mita 1,800 hivi, hadi bonde la Rukwa, huiacha baridi ya uwanda wa Ufipa na kuingia katika nchi ya mbu. Tofauti kama hiyo, ya nchi ya juu na nchi ya chini, ndiyo iliyomshangaza Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipopima damu za wenyeji wa huko mwaka 1949. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, waliorithi selimundu walizidi mmoja katika kila watano. Milimani hawakufika hata mmoja katika mia. Mwaka 1954 alitangaza kwamba aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hukingika na malaria kali.

Kinga hiyo yatoka wapi? Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha ya kuwa hemoglobini ya selimundu hutofautiana na ya kawaida kwa kiungo kimoja tu: valini imeketi mahali pa asidi ya glutamiki. Jambo dogo hilo, lakini lafika mbali. Kimelea cha malaria, kikisha kuingia katika chembe nyekundu ya damu, huiba nyuzi za aktini za chembe hiyo na kuzifanya njia za kupelekea protini zake kwenye utando wa nje, ili chembe ing'ang'anie kuta za mishipa, isichukuliwe hadi kwenye wengu. Mwaka 2011 wataalamu wa Heidelberg waliona ya kuwa penye hemoglobini yenye kasoro njia hizo huharibika, na shehena haifiki ipasavyo. Hiyo ni sababu mojawapo, nyingine zipo.

Mtoto aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye alipaye gharama. Chembe zake hupinda kama mundu na kuziba mishipa, na maumivu humfuata hata akipandishwa Ufipa.