Undugu Wenye Sanduku na Nasaha: Historia Fupi ya Maakhi



Ndugu zetu katika imani, wengi wetu tumo katika vyama vya kufa na kuzikana. Ada hutolewa, sanda hununuliwa, na wafiwa hawalali njaa. Hilo ni jambo la kheri, na Allaah awalipe wanaolisimamia. Lakini mwenzetu akipoteza kazi, akizama katika madeni, au akigombana na mkewe mpaka mtaa mzima ukajua, mara nyingi chama huwa hakina la kufanya. Ni kana kwamba kinamngoja afe ndipo kimsaidie. Je, Waislamu waliotutangulia waliufahamu undugu hivyo?

UNDUGU ULIANZIA MADINA

Mtume (S.A.W) alipohamia Madina mwaka 622, aliwaunganisha Muhajirina na Ansari wakawa ndugu, wawili wawili. Miongoni mwa waliounganishwa ni Salman al-Farsi na Abu Dardaa (r.a.). Imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba Salman alimtembelea nduguye akamkuta Ummu Dardaa hajijali kwa mavazi. Alipomuuliza sababu, alijibu kuwa mumewe hana haja tena na dunia. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku, na mke amesahauliwa.

Salman hakusema kuwa hayo ni ya nyumba ya watu. Alikataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, na usiku akamtaka alale hadi sehemu ya mwisho ya usiku, wakaswali pamoja. Kisha akamnasihi kuwa Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W), alisema Salman amesema kweli. Hapo hapakutolewa hata dirhamu moja. Kilichotolewa ni nasaha, na nyumba ikapona.

KUTOKA BAGHDAD HADI ANATOLIA

Karne nyingi baadaye, Khalifa an-Nasir wa Baghdad (alitawala 1180 hadi 1225) alizipanga upya jumuiya za futuwwa, yaani uungwana wa vijana. Alimtuma Sheikh Shihabuddin Umar as-Suhrawardi hadi Konya, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Huko zikakua jumuiya za mafundi walioitwa maakhi. Wengine husema jina hilo latokana na Kiarabu, "ndugu yangu", na wengine husema ni neno la Kituruki lenye maana ya mkarimu. Aliye mashuhuri zaidi kati yao ni Ahi Evran, mtengeneza ngozi wa mji wa Kırşehir, aliyeishi karne ya 13.

Zama hizo Wamongolia walikuwa wakiteketeza miji, na watu wengi walikimbilia Anatolia bila mali wala jamaa. Mtu asiye na ukoo alihitaji ndugu. Maakhi wakawa ukoo wake.

Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwakuta baadaye katika mji wa Antalya. Alialikwa chakula na mtu mwenye nguo chakavu, akashangaa maskini huyo atawalishaje wageni. Akaambiwa kuwa ni fundi wa viatu, na kwamba watu wapatao 200 wa kazi mbalimbali wamemchagua kuwa mkuu wao. Walijenga zawiya kwa ajili ya wageni, na walichokichuma mchana walikitumia pamoja usiku.

SANDUKU NA NASAHA

Kijana aliyeingia hakuachwa peke yake. Alipewa "baba wa njia" na "ndugu wa njia" wawili, wa kumfunza tabia na kumrudi anapokosea. Alifunzwa kuwa mkono, mlango na meza yake viwe wazi, na jicho, ulimi na tupu yake avifunge. Magomvi ya wanachama yalisikilizwa kwanza na wazee wa kazi kabla ya kufikishwa kwa kadhi.

Katika zama za Uthmaniya, vyama vya mafundi vilivyorithi mila hiyo vilikuwa na hazina iliyoitwa sandık, ndilo neno letu sanduku. Iliwasaidia wagonjwa, waliokwama kazini na familia za waliofariki. Ndani yake mlikuwa na mifuko ya rangi mbalimbali, na mfuko mweusi ulihifadhi hati za madeni yaliyoshindikana kulipwa. Aliyeshindwa alijulikana, kwa hiyo hali yake iliweza kuzungumzwa.

Si kila walichokifanya ni cha kuigwa. Kumfunga mwanachama mpya mshipi na kumnywesha maji ya chumvi, kwa mfano, hakuna asili katika Sunna. Mwanzoni mwa karne ya 20 vyama hivyo vya mafundi vilivunjwa kwa sheria. Lakini funzo limebaki.

TUFANYE NINI?

Chama cha kuzikana tayari kina watu, daftari na uaminifu. Kilichopungua ni wazee wawili watatu, wanaume na wanawake, wenye elimu na wanaojua kuficha siri, wa kuendewa kabla mambo hayajaharibika. Suratun Nisaa, aya ya 35, imetuelekeza kuwa wakikhofiwa mke na mume kufarakana, apelekwe msuluhishi kutoka kila upande. Mwanafunzi aliye mbali na wazazi naye apewe mlezi wa kumuuliza hali yake, asingoje mpaka afukuzwe chuo. Na mwenye deni asikilizwe kwanza kabla ya kusemwa msikitini.

Sanda ni haki ya maiti. Nasaha ni haki ya aliye hai, naye ndiye anayeweza bado kufaidika nayo.

Tunamuomba Allaah atujaalie undugu wenye manufaa, duniani na Akhera. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.