Kurudiwa, Kisha Kurudi

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachobeba fimbo na njia ya nyumbani. Kurudi ni kwenda tena ulikotoka. Kumrudi mtoto ni kumwadibu. Wafasiri wa Biblia ya Union walipofika sura ya 12 ya Waebrania, panaposemwa kwamba Mungu humwadibu ampendaye, walilitumia neno hilohilo. Maana hizo mbili, ziwe ndugu au zimekutana katika sauti tu, zinatufungulia mlango wa kumsoma nabii Yeremia.

Ni mwaka wa 10 wa Mfalme Sedekia. Majeshi ya Babeli yameuzingira Yerusalemu, na Yeremia yumo kifungoni katika ua wa walinzi kwa kosa la kutabiri kuwa mji utaanguka. Hapo ndipo Hanameli, mtoto wa ami yake, anapomjia na biashara: ninunulie shamba langu la Anathothi. Kijiji hicho kiko mwendo mfupi tu kaskazini mwa mji, na nchi nzima inaliwa na adui. Yeremia ananunua. Msomaji aliyewahi kununua kiwanja atatambua kila hatua: fedha shekeli 17 zinapimwa kwenye mizani, mashahidi wanatia sahihi, hati inatoka nakala mbili, moja ya muhuri na moja ya wazi, na mwandishi wake Baruku anaagizwa kuzitia katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi, kwa ahadi kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hiyo.

Hukumu haikufutwa. Mji uliteketezwa mwaka 587 au 586 KK, kama alivyosema. Kinachonishangaza ni kwamba mtu aliyeujua mwisho huo kuliko wote ndiye aliyetoa pesa.

Qurani nayo ina mtu na magofu. Katika Sura al-Baqara, aya ya 259, msafiri anaupita mji uliobomoka na kujiuliza Mungu ataufufuaje. Anafishwa miaka 100, kisha anafufuliwa akidhani amelala siku moja au sehemu ya siku. Chakula chake hakijavunda, lakini punda amebaki mifupa, na mbele ya macho yake mifupa inavikwa nyama. Wafasiri wengi wa Qurani humtaja msafiri kuwa Uzeri, na mji kuwa Yerusalemu baada ya kubomolewa na Nebukadneza wa Babeli. At-Tabari amepokea pia kauli kwamba msafiri huyo ni Yeremia mwenyewe. Basi tuna Yeremia wawili: mmoja anaonyeshwa bila kulipa, mwingine analipa bila kuonyeshwa. Tena Sura al-Isra inalifanya neno la kurudi kuwa onyo: Wana wa Israeli wanatarajishwa rehema baada ya maangamizi, ila wakirejea uharibifu, Mungu naye atarejea kuadhibu.

Wayahudi wana Rabi Akiva. Talmudi, katika Makkot, inasimulia jinsi yeye na wenzake walivyopanda mlima wa Hekalu, lililokwisha kuchomwa na Warumi mwaka 70, wakamwona mbweha akitoka palipokuwa Patakatifu pa Patakatifu. Wenzake wakalia, yeye akacheka. Hoja yake ni ya mtu wa mahakamani: manabii walitabiri mji kulimwa kama shamba, na pia wazee kukaa tena katika njia zake. La kwanza limetimia neno kwa neno, kwa hiyo la pili nalo limepata dhamana. Kwake, jivu ndilo risiti. Sijaona aliyemfahamu Yeremia kuliko huyu.

Na Wakristo je? Waebrania sura ya 8 inanakili ahadi ya agano jipya kutoka Yeremia 31, nukuu ndefu kuliko zote za Agano la Kale ndani ya Agano Jipya. Sheria itaandikwa moyoni, dhambi hazitakumbukwa. Shamba halimo. Katika Matendo 1 wanafunzi wanamuuliza Yesu kama sasa atawarudishia Israeli ufalme, naye anawajibu kwamba nyakati si zao kuzijua. Ukristo ukaubeba moyo, shamba ukaliacha njiani.

Kwetu Afrika Mashariki shamba limerudi, tena kwa kishindo. Mahubiri ya “urejesho” yanaahidi kazi, ndoa na kiwanja, na Yeremia 29:11, aya ya mawazo ya amani na tumaini, imebandikwa hadi kwenye vioo vya daladala. Aya ya 10 haibandikwi. Hiyo ndiyo inayotaja miaka 70, katika barua inayowaambia mateka wajenge nyumba, wapande bustani na kuiombea Babeli amani. Wengi walioisikia ikisomwa walizikwa hukohuko.

Yeremia naye hakulima. Baada ya mji kuanguka alichukuliwa hadi Misri, na Biblia haisemi kwamba alirudi. Koreshi wa Uajemi aliitwaa Babeli mwaka 539 KK, mateka wakaruhusiwa kwenda kwao. Orodha yao imo katika Ezra sura ya 2, nayo inawataja wanaume wa Anathothi: 128. Haisemi nani kati yao alipata shamba la Hanameli, wala kama kuna aliyekwenda kukitafuta kile chombo cha udongo.