Buti za Pikipiki kwa Njia za Tope: Tazama Kifundo Kwanza

Mwaka jana nilikuwa Homa Bay kwa shughuli za omena. Nikapanda boda kuelekea bonde la Lambwe, miguuni makubadhi yangu. Mwenye pikipiki, kijana aliyevaa buti za ngozi zilizofika katikati ya muundi, alinitazama akacheka: "Ustadh, hivyo viatu ni vya msikitini. Huku njia itakuvua."

Hakukosea. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mweusi umegeuka gundi, na pikipiki ikalala ubavu. Yeye aliinuka akajipangusa. Mimi nilirudi na kifundo kilichovimba, na alama ya eksosi kwenye shavu la mguu ninayo hadi leo.

Ndugu msomaji, vijana wetu wangapi Kwale, Kilifi na Lamu wanaendesha boda kwa champali? Sheria ya trafiki inamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi yenye kuakisi mwanga. Miguu tumeachiwa wenyewe, ilhali mguu wa kushoto ndio gia na wa kulia ndio breki ya nyuma. Ukivunjika mmoja, nyumbani hakuliki.

Kwenye lami mguu hukaa juu ya pikipiki. Kwenye tope la Lambwe au mawe ya Gwassi, mguu hushuka chini kila mara kuzuia pikipiki isianguke. Hapo ndipo kifundo hupinda. Kwa hivyo, ukienda kununua, angalia haya:

Urefu. Buti ipite kifundo. Ikifika katikati ya muundi ni bora, kwani hukinga eksosi na mawe yanayoruka.

Ugumu. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kisha uisokote. Ikisokoteka kama kitambaa, iache.

Soli. Iwe na meno ya kushika tope, na kisigino cha kuzuia mguu usiteleze mbele. Mtumba uukunje kwanza: soli iliyokaa miaka mingi hupasuka au kumomonyoka hata kama ngozi bado inang'aa.

Ncha. Chuma cha mbele hukinga vidole, lakini kikiwa kinene mguu hauingii chini ya pedeli ya gia. Keti juu ya pikipiki yako na ujaribu kubadilisha gia kabla ya kulipa.

Kufunga. Bizimu au zipu yenye kifuniko ni salama zaidi. Kamba zichomeke ndani, zisinase kwenye pedeli.

Kipimo. Nenda jioni, miguu ikiwa imetanuka, na uvae soksi nene. Vidole vicheze, kisigino kisipande.

Buti zilizotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya huwa na lebo ya picha ya pikipiki, nambari EN 13634 na tarakimu nne, kila moja 1 au 2: urefu, kusuguliwa, kukatwa na kubanwa ubavuni. Kinga ya 2 ni kubwa kuliko ya 1. Lebo hii itafute hata kwenye mtumba.

Na gambuti? Ukipita Migori, kule Macalder kwenye machimbo ya dhahabu, utaona nyingi, na kwa maji hazina mfano. Lakini shingo yake ni laini, kifundo kikipinda nayo hupinda, na za plastiki zikigusa eksosi huyeyuka. Buti za mashindano nazo, zenye mabamba magumu hadi karibu na goti, hukinga kuliko zote, ila ni mzigo kwa mtu anayeshuka kila saa kusukuma pikipiki. Kwa kazi ya boda, ngozi ngumu inayopita kifundo inatosha.

Ukishazinunua, osha tope siku hiyo hiyo na uzianike kivulini; jua kali na moto hukausha ngozi ikapasuka.

Makubadhi yangu bado nayapenda. Ila siku hizi nikipanda boda, huyatia mfukoni.