Akiba Yetu Katika Hatifungani: Jinsi Tulivyoupima Mfuko Kabla ya Kuuamini

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Muungano wetu, wenzangu wamekwisha kuandika habari za maghala, za mizani, za korosho, na za barabara ya Maneromango. Mimi nimepewa kazi ya kueleza habari za fedha isiyoonekana, yaani ile akiba ambayo haikugeuzwa kuwa bati wala saruji. Najua ya kuwa habari hizi hazina ladha kama habari za mavuno. Lakini hapana jambo lililotuletea mabishano makali zaidi ya hilo katika Mkutano Mkuu, na mwanachama ambaye hakuwapo siku ile ana haki ya kujua tulifikaje hapa tulipo.

Mambo yalianza hivi. Baada ya misimu kadhaa ya heri, akiba ya Muungano ilikuwa imelala katika akaunti ya benki ambayo haikuzaa kitu, bali ilikatwa ada kila mwezi. Katika Mkutano wa mwaka 2022 Kamati ya Fedha ilishauri sehemu ya akiba ile iwekwe katika Mfuko wa Hatifungani unaoendeshwa na UTT AMIS. Nikasimama kusoma pendekezo. Kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, mzee mmoja wa Mzenga akainua fimbo yake akasema, "Mwanangu Katibu, mwaka 2009 tuliambiwa tupande fedha kama mbegu, na DECI ikafa na mbegu zetu. Hizi nazo ni za kupanda?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa la haki, na jibu sikuwa nalo. Mama mmoja mkulima wa mpunga wa Ruvu akaongeza, "Na siku tukitaka salfa na magunia, fedha hiyo itarudi lini?" Mwenyekiti akaamua shauri liahirishwe, na katibu aende akajifunze, kisha alete taarifa.

Nilipoanza kusoma nilishangaa kuona ya kuwa mfuko wa namna hii ni mzee kuliko ushirika wenyewe kama tuujuavyo. Mwaka 1774 mfanyabiashara wa Amsterdam aitwaye Abraham van Ketwich aliwakusanya watu wenye akiba ndogo, akauza vipande 2,000, na kwa fedha ile akanunua hati za mikopo za serikali mbalimbali za Ulaya pamoja na mikopo iliyotolewa kwa mashamba ya makoloni ya Amerika. Jina la mfuko lilikuwa Eendragt Maakt Magt, maana yake umoja huleta nguvu. Miaka miwili kabla yake masoko ya fedha yalikuwa yameanguka, na watu walikuwa wamejifunza kwa uchungu ubaya wa kumkopesha mdaiwa mmoja tu. Mawazo yake yalikuwa mema. Hata hivyo vita vya Waholanzi na Waingereza vya mwaka 1780 hadi 1784 viliidhoofisha mikopo ya mashamba yale, na wenye vipande wakapata hasara. Mfuko ukavunjwa mwaka 1824. Habari hii niliisoma mara mbili, kwa kuwa ndani yake yamo mambo yote mawili: faida ya kugawa akiba katika mikopo mingi, na hatari inayobaki hata ukigawa.

Kwetu Tanzania historia ni fupi. Sheria ya masoko ya mitaji na dhamana ilitungwa mwaka 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara mwaka 1998. UTT ilianzishwa mwaka 2003, na Mfuko wa Umoja ukafunguliwa Mei 2005, kipande kimoja kikiuzwa shilingi 70. Ilipofika mwaka 2013 uendeshaji wa mifuko ukawekwa chini ya UTT AMIS, na Mfuko wa Hatifungani ukaja mwaka 2019, kipande kikianza kwa shilingi 100. Atakaye kukuza mtaji aweza kuanza na shilingi 50,000. Atakaye gawio la kila nusu mwaka au la kila mwezi hutakiwa kuweka fedha nyingi zaidi. Ni tofauti na kwenda mwenyewe Benki Kuu, ambako hatifungani ya Serikali huanzia shilingi milioni moja na fedha hufungwa kwa miaka, isipokuwa upate mtu wa kukununulia sokoni.

Jambo la kwanza nililopaswa kulijibu lilikuwa lile la mzee wa Mzenga. DECI haikuwa na mali. Aliyetangulia alilipwa kwa fedha ya aliyefuata. Mfuko wa hatifungani una mdaiwa anayejulikana, kiwango cha riba kilichoandikwa, na tarehe ya kulipa deni. Mali hutunzwa na benki mtunzaji, mbali na mwendeshaji, na hesabu zake hukaguliwa chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Basi kipimo cha kwanza ni rahisi hata kwa asiyesoma: uliza faida inatoka wapi. Ukijibiwa kwa jina la mdaiwa na asilimia ya riba, endelea kusikiliza. Ukijibiwa kwa ahadi, chukua kofia yako uende.

Wako waliosema tuiache fedha benki, kwa kuwa benki haina hatari. Hapo nilijibu kwa ukali kidogo, na naomba radhi kwa wazee niliowakatiza. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Kagera Farmers' Cooperative Bank, benki ya wakulima wenzetu. Wakati ule bima ya amana ilimkinga kila mwenye amana kwa shilingi 1,500,000 tu. Kiwango kilipandishwa mwaka 2023 kufikia 7,500,000, nayo si nyingi kwa Muungano wenye wanachama wa wilaya mbili. Yafaa nikiri upande wa pili pia: vipande vya mfuko havina bima hiyo kabisa.

Sasa nije kwenye hatari iliyonisumbua kuielewa, na ambayo maofisa wengi wa vyama huipita bila kuiona. Watu husema hatifungani ya Serikali haipotezi. Ni kweli ya kuwa ukiishika hadi mwisho, na Serikali ikalipa, utapata ulichoahidiwa. Lakini bei yake katikati ya safari hupanda na kushuka, nayo huenda kinyume cha riba. Aprili 2021 Benki Kuu ilitoa hatifungani ya miaka 25 kwa riba ya asilimia 15.95. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2022, riba ya hatifungani mpya za miaka hiyo ikashushwa hadi 12.56. Aliyekuwa ameshika ile ya kwanza akawa kama mwenye shamba la mikorosho iliyokwisha kuzaa, ilhali jirani anauziwa miche. Nilipiga hesabu nikaona ya kuwa kama wanunuzi wangeridhika na mapato ya 12.56, hati ya shilingi 100 ya zamani ingestahili shilingi 125 hivi.

Geuza sasa. Tuseme umenunua kwa 12.56, kisha riba irudi 15.95. Shilingi 100 yako ya miaka 25 yaweza kushuka hadi 79 ukilazimika kuuza. Lakini kama hati yako imebakiza miaka 2 tu, itashuka hadi 94 na nusu hivi. Riba ni ile ile, Serikali ni ile ile. Kilichotofautiana ni urefu wa muda. Kwa hiyo mtu anayetaka kuupima mfuko asitosheke na kuuliza kama umenunua hati za Serikali. Aulize hati hizo zimebakiza miaka mingapi kwa wastani. Nchini Marekani, ambako Serikali haikukosa kulipa hata senti, kipimo kikuu cha hatifungani kilipoteza kama asilimia 13 mwaka 2022 kwa sababu ya kupanda kwa riba peke yake.

Hapo pana jambo lenye hila. Mifuko mingine huthamini hati zake kwa bei ya soko, na mingine kwa hesabu inayopanda polepole hadi tarehe ya mwisho. Mfuko wa namna ya pili huonyesha bei iliyonyooka kama reli, na mtazamaji husema hauna hatari. Hatari imo ndani, ila haijaandikwa katika bei ya leo. Tangu nijue hivyo, mstari ulionyooka mno hunifanya niulize maswali zaidi.

Nilipokuwa nakaribia kumaliza taarifa, Desemba 2022, Serikali ya Ghana ilitangaza ya kuwa wenye hatifungani zake za ndani wabadilishe hati zao kwa nyingine za muda mrefu zaidi na riba ndogo. Watu waliokuwa wameweka akiba katika mifuko ya hatifungani huko waliona thamani ya vipande vyao ikishuka. Mjumbe mmoja wa Bodi alinishauri nisiitaje Ghana, nisije nikawatia watu hofu. Nikaitaja. Mwanachama akipigia kura jambo ambalo nusu yake imefichwa, kura ile si yake.

Katika kupima mapato, kosa la kawaida ni kutazama bei peke yake. Wengi walilinganisha Mfuko wa Umoja, ambao kipande chake kilikwisha kupanda zaidi ya mara kumi tangu shilingi 70, na ule wa Hatifungani uliosogea kidogo, wakauona wa pili ni goigoi. Umoja hautoi gawio, na ndani yake zimo hisa za makampuni. Una miaka mingi zaidi, na mwendo wake ni mwingine. Kwa mfuko unaogawa mapato, hapana budi gawio lijumlishwe. Kwa mfano tu: umenunua kipande kwa 110, mwisho wa mwaka bei ni 113, na umepokea gawio la 9. Umepata 12 juu ya 110, karibu asilimia 11. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 3 katika mwaka huo, faida yako ya kweli ni kama 7.7. Lakini wanachama wazee wanakumbuka Desemba 2011, mfumuko wa bei ulipokaribia asilimia 20. Katika mwaka kama ule, asilimia 11 ni hasara iliyovaa kanzu nyeupe.

Kisha mapato hayo yalinganishwe na kitu cha haki: hatifungani ya Serikali ya muda kama ule, au amana ya muda maalumu, na si mtaji wa duka. Ada za uendeshaji hukatwa kabla bei haijatangazwa, kwa hiyo mwanachama hazioni. Ni wajibu wa katibu kuzitafuta katika hesabu zilizokaguliwa. Kazi hiyo ilinichukua jioni nyingi Mlandizi, taa ikikatika na mtoto akilia.

Mkutano Maalumu ulikaa mwanzoni mwa mwaka 2023. Nilisoma taarifa kwa saa nzima na dakika zake, nayo haikukubaliwa kama ilivyokuja. Mama wa Ruvu ndiye aliyeibadilisha. Alisema fedha ya salfa na magunia isiguswe kabisa, ibaki benki, kwa kuwa kuanzia Mei mkorosho haungoji siku za kazi za ofisi ya Dar es Salaam. Fedha ambayo haitahitajika kwa miaka mitatu ndiyo iende kwenye mfuko, tena kwa mafungu mawili, fungu la pili lingoje nusu mwaka. Kamati ilikuwa imependekeza sehemu kubwa zaidi na kwa mara moja. Nilikuwa upande wa Kamati, nikashindwa kwa kura nyingi. Msimu uliofuata malipo ya mnunuzi mmoja yalichelewa, na ile fedha iliyobaki benki ndiyo iliyonunua magunia. Tungalifuata shauri langu, tungaliuza vipande kwa haraka.

Mzee wa Mzenga alipiga kura ya kukataa, na mpaka leo hajabadili mawazo. Kwa ombi lake kila Mkutano Mkuu husomewa namba nne: bei ya kipande, gawio lililopokelewa, mfumuko wa bei wa mwaka, na mapato ya hatifungani mpya ya Serikali. Daftari lake liko ofisini, juu ya kabati la stakabadhi, na mwanachama yeyote aweza kulisoma siku za kazi. Shauri la kama gawio lichukuliwe au liachwe likuze mtaji halijaamuliwa. Bodi italileta katika Mkutano ujao.