Mabaki ya Ndege za Vita

Vita vinapokwisha bunduki hunyamaza, lakini vyombo vya vita havitoweki siku hiyo. Vingine hurudishwa ghalani, vingine huuzwa kwa uzito wake kama chuma kikuukuu, na vingine hubaki pale vilipoangukia: msituni, mlimani, ziwani au baharini. Msomaji, katika insha hii nataka tufikiri pamoja juu ya mabaki ya ndege za vita: yana thamani gani, yawezaje kuokolewa, na ni wajibu wa nani kuyalinda.

Tuanze Nakuru. Pengine unaishi huko, au umepita ukaliona ziwa upande mmoja na Menengai upande wa pili. Mwaka 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Anga la Uingereza lilihamishia Nakuru kikosi chake cha mafunzo nambari 70, kilichoundwa Misri. Vijana waliokwisha kujua kurusha ndege walifundishwa hapo namna ya kupigana kwayo. Ndege yao ilikuwa Bristol Blenheim, yenye injini mbili na watu watatu: rubani, mwonyesha njia ambaye pia alitupa mabomu, na mshika simu ya upepo ambaye pia alishika bunduki.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari hata pasipo adui. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na kwa sababu hiyo bawa hupungukiwa na nguvu ya kuinua, na injini hupungukiwa na pumzi. Tena bonde limezungukwa na kuta: Mau upande wa magharibi, na upande wa mashariki Milima ya Nyandarua, ambayo kilele chake kirefu hukaribia mita 4,000. Rubani mgeni akifunikwa na wingu kati ya kuta hizo, kosa dogo la hesabu lilitosha kumwua yeye na wenzake. Wako vijana waliokufa hivyo katika mafunzo, na makaburi yao yamo Nakuru hata leo.

Huenda ukauliza, kipande cha bati kilichopinda kina faida gani kwetu? Tazama habari ya Blenheim yenyewe. Ziliundwa zaidi ya 4,000, na baada ya vita karibu zote zilivunjwavunjwa. Huko Canada wakulima walinunua ndege za ukoo huo, zilizoitwa Bolingbroke, wapate nati na magurudumu yake, kisha wakaziacha mashambani. Miaka mingi baadaye mafundi wa Uingereza walikusanya mabaki hayo na kuunda ndege moja nzima. Iliruka mwaka 1987, ikaanguka kabla ya mwezi kupita. Hawakukata tamaa. Waliunda nyingine, ikaruka mwaka 1993. Nayo ikaharibika mwaka 2003, wakaitengeneza upya hata ikaruka tena mwaka 2014. Kama wakulima wale wangaliyeyusha kila kitu, mafundi wasingalikuwa na pa kuanzia.

Lakini kuokoa ndege si kuivuta kwa kamba tu. Kila mahali pana adui wake. Alumini, madini yaliyo mengi katika mwili wa ndege, hujivika utando mwembamba unaoikinga na hewa. Maji ya magadi, kama yale ya Ziwa Nakuru, huyeyusha utando huo na kuila alumini yenyewe. Maji ya chumvi ya bahari huitoboa, hasa pale inapogusana na chuma cha pua au shaba. Katika msitu wa mianzi, unyevu haukauki na mizizi hupenya kila ufa.

Ajabu ni kwamba kitu kilichodumu miaka mingi chini ya bahari chaweza kuharibika upesi kikiisha kutolewa, maana chumvi iliyomo ndani hukutana na hewa. Mwezi wa Juni 2013 ndege ya Kijerumani aina ya Dornier 17, iliyoangushwa mwaka 1940, iliinuliwa kutoka chini ya bahari karibu na pwani ya Uingereza. Ilipelekwa kwenye karakana ya makumbusho huko Cosford, ikafunikwa kwa mahema marefu na kunyunyiziwa maji yenye asidi ya limau kwa miezi mingi, ili chumvi na uchafu vitoke. Basi anayetoa ndege majini bila kuwa tayari kwa kazi hiyo, hakuiokoa. Ameiua mara ya pili.

Sisi nasi tunao mfano wa busara hiyo. Merikebu ya vita ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697. Wataalamu waliichunguza chini ya maji kuanzia mwaka 1977 hadi 1980. Vyombo walivyovitoa vilitibiwa na kuwekwa katika makumbusho ya Ngome, lakini mwili wa merikebu uliachwa pale pale baada ya kupimwa na kuchorwa. Wakati mwingine hifadhi iliyo bora ni kuandika vizuri na kuacha.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 huhesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kitu cha baadaye chenye thamani ya historia hulindwa Waziri akikitangaza. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 nao unahusu vitu vilivyokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi. Ndege iliyozama mwaka 1942 itaufikia umri huo mwaka 2042. Hivyo ndege hizi bado ni changa mbele ya sheria, hali zimekwisha zeeka mbele ya kutu. Zaidi ya hayo, alumini huyeyuka upesi katika moto wa fundi, na bawa la ndege laweza kuwa sufuria kabla ya jua kuchwa. Fundi hana lawama ikiwa hakuna aliyemweleza bawa lile ni la nini.

Basi, ewe kijana, wajibu wako ni upi? Ukikuta mabaki ya namna hii, kwanza usiyaguse: risasi na mabomu ya zamani huweza kulipuka hata baada ya miaka 80, na pengine hapo ndipo walipofia watu. Pili, andika mahali ulipoyaona na nambari yoyote unayoweza kuisoma kwa mbali, kwa kuwa nambari moja yaweza kufungua daftari la jeshi na kurudisha majina ya watu watatu. Tatu, toa habari kwa polisi na kwa makumbusho. Nne, waulize wazee.

Hilo la nne halingoji. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1942 sasa amepita 90. Yeye ndiye aliyesikia ngurumo juu ya shamba la baba yake, akaona moshi upande gani wa mlima. Bati laweza kungoja kidogo. Mzee huyo hawezi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari lako uende kwake leo.