Umri wa Tairi Katika Njia ya Tabora

Kabla ya gurudumu kuizoea njia ya Bagamoyo na Tabora, kitu kilichochakaa safarini kilikuwa wayo wa mpagazi. Mnyamwezi alichukua frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na chungu, mkeka na posho yake mwenyewe. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, penye Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Wayo uliopasuka haukuwa na wa akiba. Mgonjwa aliachwa, na mzigo wake ukatwikwa mwingine.

Gurudumu lilijaribiwa mapema. Mwaka 1876 Roger Price, wa London Missionary Society, alisafiri na ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaamini kwamba wangeweza kuvuta magari mpaka bara. Msafara wa magari ulipoondoka mwaka 1877, ng'ombe walikufa kwa wingi njiani, na shehena ikarudi vichwani mwa watu. Hapo gurudumu lilikuwa lingali zima. Aliyekwisha ni mvutaji wake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikawaondolea wapagazi safari ndefu ya pwani. Walakini reli haifiki kila kijiji. Kazi iliyobaki iliangukia lori na baiskeli, na vyote viwili hukanyaga upepo uliofungwa ndani ya mpira, hila ambayo Dunlop aliitengeneza huko Belfast mwaka 1888.

Umri wa tairi hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Jua na hewa huukausha mpira hata ukapasuka nyufa, ijapokuwa gari limesimama. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri tairi lisipite miaka 10. Lakini katika barabara ya changarawe ni machache yafikayo umri huo. Mawe hulikwangua, matuta madogo ya barabara hulitikisa bila kikomo, na mzigo uliozidi hulipinda mbavu. Upepo ukipungua ni vibaya zaidi: mbavu hujikunja kila mzunguko, joto hupanda, na nyuzi za ndani huachana kabla ya kashata kwisha. Mwenye lori huhesabu kilometa. Mchukuzi wa mkaa kwa baiskeli huhesabu safari, na hutia kiraka juu ya kiraka, kwa kuwa bei ya tairi jipya hutoka katika mkaa ule ule.

Uhaba ulipata kuonekana wazi mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Malaya, shina la mpira wa dunia. Katika Tanganyika mashamba ya mpira yaliyoachwa tangu zama za Wajerumani yaligemwa upya, na watu wengine walipelekwa huko kwa nguvu. Hivyo tairi la mbali lilichakaza tena miili ya watu, kama ilivyokuwa zama za misafara.

Tairi likiwa kipara halitupwi. Mpira wa ndani hukatwa kamba za kufungia mizigo, na ngozi ya nje huchongwa katambuga. Mrina asali aingiaye katika miombo ya Tabora hukanyaga miiba kwa tairi ambalo lori limelikataa. Na ukanda ukichomoka, hupigiliwa msumari mwingine, safari ikaendelea.