Mzigo kwa Mzigo hadi Unyanyembe

Tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waiache pwani, wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, katika Unyanyembe, mahali tunapopaita Tabora leo. Mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwapokea kwa ukarimu. Burton alikuwa mtu wa maradhi mengi na dharau nyingi zaidi, na maneno yake juu ya wenyeji yanachusha hata sasa. Lakini alikuwa na jicho la karani wa forodha. Alichungulia kila kamba na kila fimbo, na kwa sababu hiyo tunajua mizigo ya njia ya Unyanyembe ilifungwaje na ilikuwa na uzito gani.

Kanuni ya jumla ilikuwa fupi: mpagazi mwenye nguvu abebe frasila mbili, basi. Hizo ni ratili 70, karibu kilo 32, bila kuhesabu mkeka wake, sufuria, chakula na silaha. Mtu wa ofisini Unguja angeweza kuichukua kanuni hiyo, akagawanya shehena yote kwa 70, akapata idadi ya wapagazi na kulala usingizi mzuri. Msafara wake usingefika mbali.

Chukua kitambaa kwanza, merikani na kaniki. Kilikunjwa na kukazwa hadi kikawa mtumba wa mviringo, urefu wa futi 5, ukafungwa kwa kamba za makumbi. Kisha yalitafutwa matawi matatu au manne ya mti mdogo, yakakatwa chini kidogo ya panda yalipoungana, yakabanduliwa magome na kulazwa ubavuni mwa mtumba, ncha zao zikafungwa upande wa pili. Mpagazi alipotua, kilichogusa tope ni panda la mti, si nguo. Mzigo wa namna hii ulinepa kidogo na kulifuata bega, kwa hiyo frasila mbili zilibebeka.

Ushanga ulikuwa na tabia nyingine. Ulitiwa katika mifuko mirefu myembamba, ukaviringishiwa mkeka na kuwekewa matawi vilevile kama kitambaa. Kwa macho ni mzigo uleule. Begani ni mgumu, haunepi, unauma palepale kutwa nzima. Ndiyo maana, anasema Burton, mzigo wa ushanga ulipita ratili 50 mara chache sana. Frasila mbili za ushanga zilikuwa halali kwa mizani na haramu kwa bega.

Masango, yaani nyaya za shaba, yalizungushwa na kufungwa kwenye ncha mbili za mti, mara nyingi uti wa kuti la mnazi au mvumo, uliochongwa panda upande mmoja ili usimame unapotuliwa. Hiyo ndiyo mizigo iliyokuwa myepesi kuliko yote. Mizito kuliko yote ilikuwa pembe za ndovu katika safari ya kurudi pwani. Pembe iliyokuwa kubwa mno kwa mtu mmoja ilichukuliwa mzegazega, watu wawili na mti. Waliobeba pembe walitembea mbele, nyuma tu ya kirongozi, wamezifunga kengele za ng'ombe kwenye ncha ili msafara usikike ukija. Heshima hiyo ilikuwa sehemu ya malipo. Mpagazi Mnyamwezi aliyekataa kuongezewa ratili tano za ushanga aliweza kubeba pembe inayozidi hapo sana, na hakuona kwamba anajipinga.

Wahandisi wa leo wanaochora bodi za saketi kwa kompyuta wanalijua vizuri jambo hili, kwamba kanuni moja haitoshi kila mzigo. Programu zao, kama KiCad iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, huwa na ukaguzi wa kanuni: kabla bodi haijapelekwa kiwandani, programu hupima nafasi kati ya nyaya, ukubwa wa matundu, umbali wa kijenzi kimoja hadi kingine. Kanuni ya jumla inatawala bodi nzima. Hata hivyo kijenzi chenye miguu iliyobanana kinahitaji kanuni yake, na kinachopitisha umeme wa nguvu kubwa kinahitaji nyingine, kali zaidi. Ukivikagua vyote kwa kipimo kimoja, programu itakulalamikia mahali pasipo na kosa, au itanyamaza penye hatari.

Kwenye msafara mkaguzi alikuwa mpagazi mwenyewe. Siku ya kuondoka kulikuwa na vurumai: watu wanainua, wanapima kwa mkono, wanagombea iliyo myepesi. Wasafiri wa Kizungu waliyaandika hayo kama ukorofi na uvivu. Mimi naona ni ukaguzi. Mzigo ukishakubaliwa ulikuwa wa mtu huyo hadi mwisho wa safari, kwa hiyo nafasi ya kuukataa ilikuwa ile asubuhi tu. Mwenye mali asiyewasikiliza pale alijibiwa porini, kwa mzigo uliotupwa na mtu aliyetoroka.

Henry Morton Stanley alijifunza nusu ya somo hili mwaka 1871. Kabla ya kwenda kumtafuta mmisionari Livingstone alinunua mashua mbili, akazibomoa na kuzifunga katika mizigo isiyozidi ratili 68. Tarehe 23 Juni alikuwa Unyanyembe.

Miaka mitatu baadaye aliagiza chombo cha maana zaidi. James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames, alimjengea Lady Alice: urefu futi 40, upana futi 6, mbao za mwerezi, vipande vitano vya futi 8 kila kimoja. Kila aliyeiona Unguja aliisifu. Kisha Stanley akaviweka vipande kwenye mizani. Vinne vilikuwa na ratili 280 kila kimoja, cha tano 310. Tena vilikuwa vipana, na njia za bara zilikuwa za kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Kuvipitisha vile vilivyo kungetaka kikosi kizima cha kufyeka msitu mbele yake.

Mashua ilikuwa nzuri. Inaelekea hakuna aliyepata kukibeba kipande kimoja hata hatua kumi kabla haijavuka bahari. Stanley alikaribia kuiacha. Iliokolewa na seremala wa meli aitwaye Ferris, aliyekuwapo Unguja, ambaye alivipunguza na kuvigawa vipande hadi vikawa vya kubebeka. Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukapita Ugogo na kukunja kaskazini badala ya kwenda Tabora. Machi 1875 Lady Alice ilikuwa inaelea Ziwa Viktoria. Kosa liligunduliwa ufukweni, penye seremala na msumeno. Lingegunduliwa Ugogo, tusingelisikia jina la mashua hiyo.

Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na bega la Mnyamwezi likaacha kuwa kipimo cha bidhaa za njia ile. Kazi ya kukata kitu kikubwa kiwe vipande vinavyosafirika iliendelea. Meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ilifunguliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapakiwa melini hadi Dar es Salaam, kisha ikapita Tabora juu ya mabehewa. Iliunganishwa Kigoma na kuingia majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba.